Makanga wa Angani

Dadangu ana diploma ya uhudumu wa ndege na hajawahi kupanda ndege. Simsengenyi, yeye mwenyewe ndiye husema hivyo kila mgeni anapouliza yule msichana kwenye picha ya ukutani ni nani, yule aliyefunga skafu shingoni na kuinamisha kofia kidogo upande. "Ni mimi," anajibu, "nikiwa bado naenda Doha." Kisha anarudi kuhesabu floti, maana siku hizi ana kibanda cha M-Pesa karibu na steji ya 56, hapa Kawangware.

Wikendi moja stima zilipotea mtaa mzima. Laptopu yangu ilikuwa na chaji, na ndani yake vilikuwemo vipindi sita vya komedi ya zamani kutoka Uskoti, The High Life. Nilikuwa nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilitaka komedi yoyote duniani inayohusu makanga, kwa sababu baba alikuwa makanga na nilikuwa najaribu kuandika kumhusu. Sikupata ya makanga wa barabarani. Nikapata hii ya makanga wa angani.

"Weka," dadangu akasema. "Lakini wakikosea kuonyesha mkanda wa kiti, nazima."

*

Ilipita kwenye BBC2 ya Uingereza. Kipindi cha majaribio kilionyeshwa Januari 1994, halafu vikaja vipindi sita, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 10 Februari 1995. Ijumaa sita tu, basi. Ukiviunganisha vyote ni kama saa tatu, muda ambao mtu wa 56 anaweza kuumaliza kwenye jam ya mvua akitoka tao.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kuna shirika la ndege la kubuni, Air Scotia, lenye makao Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti. Wahudumu wawili wa kiume ndio wakubwa wa hadithi: Sebastian Flight, anayeigizwa na Alan Cumming, na Steve McCracken, anayeigizwa na Forbes Masson. Msimamizi wao ni Shona Spurtle, mwanamke mkali kama pilipili ya kichaa, anayeigizwa na Siobhan Redmond. Rubani ni Kapteni Hilary Duff, yaani Patrick Ryecart, mtu ambaye akili yake hupaa kabla ya ndege na hutua baada yake. Hata majina ni utani. Spurtle ni kile kijiti ambacho Waskoti hutumia kukorogea uji. Kwa hiyo bosi wao anaitwa Shona Mwiko, na ukimwona anavyowakoroga wale vijana utaelewa.

Wimbo wa kufungulia wanauimba wenyewe na kuucheza, miguu juu, meno yote nje, kana kwamba kugawa chai kwenye ndege ni kazi ambayo dunia nzima inaionea wivu. Katika kipindi kimoja wanawania kwenda kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision, na wimbo wao unaitwa "Pif Paf Pof". Haina maana katika lugha yoyote, na utani uko hapo.

Waingereza wana neno moja la uigizaji wa namna hii. Sisi tuna mengi, na kila moja lina kazi yake. Mtu akitembea kama anajua anaangaliwa, hayo ni madaha. Akitaka umwone ana nini, hiyo ni mikogo. Akiongeza mkono, jicho na mzunguko mahali ambapo neno moja lingetosha, hizo ni mbwembwe. Akipamba kitu hadi hukitambui tena, hayo ni madoido. Sebastian Flight ana yote hayo kabla hajamaliza kukuuliza kama unakunywa chai au kahawa.

Dadangu alicheka hadi akapaliwa. Kilichomchekesha hakikuwa vituko peke yake. "Huyo Shona namjua," alisema. "Alinifundisha."

*

Mwanzoni niliichukua kama upuuzi mtamu tu. Halafu nikaanza kusoma kuhusu Prestwick, na utani ukabadilika rangi.

Kwa miaka mingi uwanja huo ulikuwa mlango wa Uskoti kwa ulimwengu. Ndege za kuvuka Atlantiki kutoka Uskoti ziliruka kutoka hapo. Elvis Presley mwenyewe alikanyaga ardhi ya Uingereza hapo, Machi 1960, ndege ya jeshi iliyokuwa ikimrudisha Marekani iliposimama kuongeza mafuta. Kisha mwaka 1990 serikali ikabadilisha sheria, mashirika yakaruhusiwa kuhamishia safari hizo Glasgow, na Prestwick ikabaki na kumbi kubwa zisizo na watu. Kwa hiyo mwaka 1995, mtazamaji wa Uskoti alipoona shirika lenye majigambo likiwa na makao Prestwick, alijua anaona nini. Ni kama leo mtu aandike komedi kuhusu hoteli ya nyota tano iliyo kwenye jengo ambalo kila Mnairobi anajua lilifungwa. Madoido yote yale yanafanyika kwenye nyumba ambayo wageni wameshaondoka.

Kuna jambo la pili. Mwaka 1995 Uskoti haikuwa na bunge lake. Kura ya maoni ilipigwa Septemba 1997, na bunge likaanza kazi 1999. Yaani hawa jamaa walilipa taifa lao shirika la ndege la kuchekesha kabla taifa lenyewe halijapata mahali pa kukaa na kutunga sheria.

Sisi tunajua vizuri uhusiano wa ndege na bendera. East African Airways ilianzishwa 1946, ikamilikiwa kwa pamoja na nchi za eneo hili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 shirika nalo likafa. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwaka huohuo. Wazee wetu hawakuchukulia ndege kama usafiri tu, kwa sababu wengi wao hawakuwa na nauli. Ilikuwa ushahidi kwamba tupo. Na mhudumu aliyesimama mlangoni kwa yunifomu safi alikuwa bendera yenye miguu. Ndiyo maana msichana wa Kawangware akisema anataka kuwa mhudumu wa ndege, mtaa mzima huanza kumwita kwa jina la kazi kabla hajalipa hata karo ya kwanza.

*

Karo ilikuwa ya koleji moja ya mjini, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Siitaji jina. Mathe aliuza plot ndogo aliyokuwa ameachiwa ushago. Kwa miezi kadhaa dadangu alifundishwa kutembea kwa viatu virefu, kujipaka rangi ya midomo inayolingana na kucha, kutabasamu kwa mtu anayekutukana, na kuonyesha milango ya dharura kwa mikono miwili. Walifanyia mazoezi kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa safu mbili, na njia katikati.

Hakuna aliyemwambia habari ya mkono. Mashirika makubwa ya Ghuba hukupima: unasimama kwa ncha za vidole, unanyoosha mkono juu ukutani, na lazima ufike sentimita 212, urefu wa kufikia vifaa vya dharura vilivyo juu ya viti. Siku ya usaili dadangu alifika 209. Alijaribu mara tatu. Koleji ilikuwa na rula, ingeweza kumpima siku ya kwanza kabla ya kupokea pesa za plot.

Kwa hiyo alipokuwa akimtazama Sebastian Flight akipita katikati ya viti na kitoroli chake, alikuwa anatazama kazi aliyoisomea na kuikosa kwa sentimita tatu. Nilidhani ataumia. Badala yake aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: "Unajua hawa pia hawaendi mahali? Wanapaa, wanarudi palepale."

*

Jambo jingine lililonishika ni lugha. Vichwa vya vipindi ni maneno ya Kiskoti cha mtaani. Kimoja kinaitwa "Feart", yaani kuogopa. Kingine "Winch", yaani kupigana busu. Hakuna tafsiri iliyowekwa chini kwa ajili ya watu wa London. Ukielewa, sawa. Usipoelewa, jikaze.

Cumming na Masson walikutana wakiwa wanafunzi wa uigizaji Glasgow, miaka ya themanini. Kabla ya Air Scotia walijulikana kwa jukwaa lao la Victor na Barry, wanaume wawili wa Kelvinside, mtaa wa wenye nazo wa Glasgow, wenye lafudhi ya kubana pua. Mtu wa Kawangware hahitaji kuelezwa utani huo. Sisi tunapakana na Lavington. Unavuka barabara tu, na Kiswahili kinabadilika, Kiingereza kinabadilika, hata "sasa" inajibiwa tofauti. Tangu utotoni tumekuwa tukiigiza lafudhi ya ng'ambo ya ukuta, kidogo kwa wivu, kidogo kwa dhihaka, na siku za usaili wa kazi, kwa dhati kabisa.

Wazazi wetu walicheka sana na Mind Your Language, komedi ya Kiingereza ambamo wageni wote wanachekwa kwa kutojua kusema. The High Life inafanya kinyume chake. Wenye lafudhi ndio wenye ndege, na anayepitwa ni mtazamaji wa mji mkuu.

*

Sasa nirudi kwa baba, maana ndiye aliyenipeleka huko kote.

Alianza umakanga miaka ya tisini, wakati wa manyanga, matatu zilizochorwa ubavu mzima, muziki ukitikisa madirisha. Hakukuwa na yunifomu. Kila makanga alijivika mwenyewe, na mlango wa matatu ulikuwa jukwaa. Baba anasema abiria walikuwa wakiacha gari tupu waingie la msimamo, kwa sababu ya makanga tu. Mmoja angening'inia kwa kidole kimoja. Mwingine angerudisha chenji ya watu kumi na wanne bila kuuliza nani alitoa ngapi.

Na mmoja alikuwa na madaha. Baba humtaja kwa upole, bila jina, nami simpi. Alivaa shati la hariri la kola kubwa, aliita abiria kama anaongoza kwaya, akawasaidia akina mama kupanda kwa kuwashika vidole kama malkia, akawatangazia vituo kana kwamba tunatua: "Hurlingham, abiria wapendwa, tafadhali msisahau waume zenu." Watu walimpenda. Walikata tiketi ya kicheko, safari wakapewa bure.

Lakini alipendwa akiwa mlangoni. Akishuka, mambo yalibadilika. Jioni moja vijana walimfuata kutoka steji. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa. Baba alienda kumtafuta kwake Kibera akakuta chumba kimeshapangishwa mtu mwingine. Walewale waliokuwa wakicheka asubuhi hawakuuliza ameenda wapi. "Hata mimi niliuliza mara moja tu," baba alisema, halafu akanyamaza kwa muda mrefu.

Tarehe 1 Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza kufanya kazi. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa serikali ya NARC, aliamuru mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, na yunifomu: dereva bluu, kondakta hudhurungi-nyekundu, ile rangi ya maruni. Barabara zilikuwa zinaua watu na abiria wengi walishukuru. Baba mwenyewe anasema sheria ilikuwa nzuri. Lakini michoro ilifutwa, na wanaume waliokuwa wakijivika kama taa za Krismasi wakawa na rangi moja. Ruhusa ya michoro ilirudi kwa tamko la Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2014, na nganya za leo zinang'aa kuliko chochote alichokiona baba. Yule kijana hakurudi nazo.

Nikiwatazama Sebastian na Steve, nilikuwa namtafuta yeye. Yunifomu ya Air Scotia ina kazi mbili. Inawabana, na pia inawakinga. Ndani yake wanaruhusiwa kuwa na madaha, kwa sababu ni "kazi". Nao walikuwa wanaigiza katika nchi ambayo tangu 1988 ilikuwa na kifungu cha sheria kilichokataza serikali za mitaa "kuendeleza" ushoga, kifungu ambacho Uskoti ilikifuta mwaka 2000. Kwenye televisheni, kwa nusu saa ya Ijumaa, hakuna aliyemfuata Sebastian kutoka steji. Kamera ilibaki upande wake.

Sisi pia tuna komedi ya yunifomu, tena kubwa. Papa Shirandula, iliyoanza Citizen TV mwaka 2007, ilimhusu bawabu anayetoka nyumbani kwa suti na kubadilisha nguo kazini ili mkewe asijue kazi yake. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alifariki Julai 2020, na nchi nzima ilimlilia kama jirani. Tuliipenda kwa sababu kila ploti ina mtu anayeficha yunifomu ndani ya begi. Redykyulass nao walimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuwezi kucheka hatari. Ila kuna watu tunaopenda kuwacheka bila kuwapa hadithi. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wa mtaa kama huu wetu wanaopendana, ilipigwa marufuku. Mahakama ikairuhusu kwa siku saba, Septemba, na sinema moja ya Ngong Road ikajaa pomoni. Siku saba. Hata The High Life ilipata Ijumaa sita.

*

Mbona iliisha mapema? Sababu kubwa ni kwamba Cumming alipaa kweli. Mwaka huohuo wa 1995 alikuwa ndani ya GoldenEye, filamu ya James Bond, na 1998 akashinda tuzo ya Tony kwa kuigiza Cabaret kule Broadway, New York. Hakukuwa na msimu wa pili. Wengi wenu mnamjua kwa The Traitors ya Marekani, akiwa ndani ya kasri Uskoti, amevaa makoti ya cheki na kuburuta herufi ya "r" kama mtu anayevuta jerikeni. Ukitazama vizuri utamwona Sebastian Flight palepale, mvi zimeingia, madaha hayajapungua.

Waskoti hawakuisahau. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba The High Life itageuzwa tamthilia ya muziki ya jukwaani mwaka 2026, kazi ya Jumba la Kitaifa la Maigizo la Uskoti na Dundee Rep, na wale waigizaji wanne wa awali wakirudi. Miaka thelathini baadaye, kwa ajili ya saa tatu za utani!

Nadhani inawezekana kwa sababu moja isiyo na mapambo yoyote: kanda zilihifadhiwa. Mtu aliona upuuzi ule una thamani ya kutunzwa kabatini. Mlango wa matatu ya baba haukuwa na kamera. Yule kijana wa shati la hariri aliigiza kwa miaka, mara nyingi kwa siku, mbele ya hadhira iliyobadilika kila safari, na kilichobaki ni sentensi moja ambayo baba anaikumbuka kuhusu Hurlingham na waume waliosahaulika. Ndiyo maana nimeiandika hapa. Sasa angalau iko mahali pawili.

Kipindi cha sita kilipoisha laptopu ilikuwa na chaji asilimia nne. Giza, mbwa wanabweka, jenereta ya bucha inanguruma. Dadangu akasimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na jiko la gesi, akajifunga leso shingoni kama skafu. Akaanza: mabibi na mabwana, karibuni kwenye safari yetu ya Kawangware 56 kuelekea Doha. Akaonyesha mkanda. Akaonyesha barakoa ya hewa, kwa sufuria. Milango ya dharura ni miwili, akasema, mmoja ni huu, na mwingine ni ule wa jirani, lakini anapenda kuufunga saa tatu.

Mathe alikuwa akicheka kitandani huku amejifunika uso. Baba alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango. Akainua mkono kama abiria na kuuliza, kwa ile lafudhi ya Lavington, kama kuna chai.

Nilikuwa na simu mkononi. Nilirekodi dakika mbili na sekunde kumi na moja, ndipo nayo ikazima.